Mwaka nilioshika milioni 31 za korosho

Nianze kwa kuitaja hela yenyewe ili mtu asije kudhani naongelea mabilioni. Ilikuwa milioni 31 na ushee, Januari 2018. Najua wewe wa Dar unaesoma hapa unacheka, unasema hizo si gari za IST mbili tatu tu za mkononi, sawa bosi, ila mimi nilikuwa nakaa kijijini huko Tandahimba, mkoa wa Mtwara, nyumba ya udongo, upande mmoja bati chakavu upande mwingine nyasi, maji tunanunua kwa ndoo, na kabla sijaanza kununua korosho za watu sikuwahi kushika hata milioni moja yote kwa pamoja. Kijiji kizima waliobaki wamenizidi walikuwa kama watu wanne, na wawili kati yao walishaanza kuniwahi salamu.

Kwa wasiojua mambo ya kusini, korosho ni hela ya mara moja kwa mwaka. Unapalilia, unapulizia salfa maua yasiliwe na ugonjwa wa ubwiriunga, mwezi wa tisa wa kumi unaanza kuokota, unaanika, unapeleka chama cha msingi cha ushirika, mzigo unaenda ghala kuu, unapigwa mnada, hela inaingia benki. Sasa ukishazila zile hela za mwisho wa mwaka, kuanzia mwezi wa tatu huko mpaka msimu mwingine huna kitu, na shida zenyewe hazijui msimu, mtoto anaugua mwezi wa sita, mzee anafariki mwezi wa saba, na hapo ndo anapoingia mtu wa kangomba. Anakuja na keshi. Anakwambia shika laki mbili leo, mwezi wa kumi utanipa korosho kwa 1,200 kilo. Mnadani itauzwa elfu tatu na kitu, wote mnajua, ila laki mbili unaitaka leo usiku.

Na kilo yenyewe siyo ya mzani, ni bakuli. Bakuli moja linahesabiwa kilo, ukilijaza mpaka likafanya kilima juu na ukawa unajua kuzuia pembeni kwa kiganja, ni kilo na robo, ukiwa fundi zaidi inakaribia na nusu. Serikali inapiga marufuku kila mwaka na kila mwaka ipo.

Mimi ndo nilikuwa huyo mtu. Siandiki hapa kama shahidi.

Nilianza 2016 kwa kuuza pikipiki yangu ya boda, Boxer, milioni moja na laki nne. Wazo nililipata kwa abiria, jamaa mmoja nilikuwa nambeba usiku usiku na kipochi chake kiunoni, anaingia nyumba hii anatoka anaingia ile, mwisho nikaona huyu ananilipa elfu tano kumzungusha wakati yeye anaondoka na gari zima la korosho. Msimu ule nikatoka na kama milioni nne, nikajumlisha na za mikorosho yangu mwenyewe 60 ambayo nilipewa na mama, ikawa sita na kitu. Mwaka uliofuata tajiri mmoja wa Masasi akaniongezea milioni nane, makubaliano nirudishe 12. Nikanunua tani 11 na zaidi. Na huo msimu wa 2017 bei ilipanda mpaka tukawa tunaulizana hawa wanunuzi wamechanganyikiwa au vipi, minada inacheza karibu na 4,000 kwa kilo. Zile stori mlizozisikia za mkulima wa korosho kumuagizia mbuzi bia, mimi mbuzi huyo sikumuona, ila mtu aliyeagiza kreti la soda akanawia mikono nilimuona, na alikuwa ananidai.

Siku meseji ya benki inaingia nilikuwa chooni. Nikaisoma mara tatu nne, nikatoka nikamkuta mke wangu anakuna nazi, nikakaa kimya. Sikumwambia siku mbili nzima. Sijui hata kwa nini, maana yeye ndo alikuwa anaamka saa kumi usiku kuchoma vitumbua wakati mimi mtaji wangu wote uko kwa watu, yaani tumekula vitumbua vyake miezi saba, halafu hela imekuja namficha. Alikuja kuambiwa na jirani.

Kitu cha kwanza nilichokiona kimebadilika ni drafti. Msicheke. Mimi drafti sijui, nilikuwa nafungwa na kila mtu pale kijiweni, mpaka na wale watoto wanaokuja kusubiri mahindi yasagwe mashineni walikuwa wananipiga. Kuanzia Februari 2018 nikawa bingwa. Nakaa nasukuma visoda vyangu napata kingi, mtu anaacha kunila waziwazi, anasema aah kaka sijaiona hiyo, wewe hatari sana, halafu baadae wakati naondoka ananisindikiza mpaka kwenye mwembe ananieleza shida yake ya elfu hamsini. Cha ajabu ni kwamba niliamini. Nilikuwa naenda nyumbani najisemea hela inafungua akili kweli, siku hizi nacheza na utulivu.

Halafu vitumbua. Hili ndo linaniuma mpaka leo. Nilimwambia mke wangu aache. Sikumwambia kwa ubaya, nilimwambia sasa pumzika, mimi nipo, ila ukweli nilikuwa naona aibu, watu wanapita asubuhi wanasema mke wa fulani naye bado anachoma vitumbua barabarani na mumewe anashika mamilioni. Akanyamaza, akaacha. Nikamnunulia friji, sofa seti, nikabadilisha bati nyumba nzima nikaweka msauzi, nikapaka na rangi. Baada ya kama mwezi naona mtu kanuna, haongei, anashinda ndani na hiyo sofa. Nikadhani kuna mtu kamwambia maneno kuhusu mimi, maana na maneno yenyewe yalikuwepo na mengine yalikuwa ya kweli, kulikuwa na dada mmoja wa Newala mjini, tuyaache hayo. Kumbe haikuwa hilo. Siku moja akanijibu kwa hasira, akasema wewe unakaa kijiweni kwako mpaka saa nne, mimi kijiwe changu kilikuwa kile kikaango. Pale ndo alikuwa anapata habari zote, nani kajifungua, nani kagombana na mumewe, watoto wa shule wanampa shikamoo, mabibi wanakopa wanakuja kulipa wanakaa nusu saa. Na hela ile ya elfu nane elfu kumi kwa siku ilikuwa haombi mtu. Sasa akitaka hela ya kusuka aniambie mimi, na mimi naanza kuuliza juzi si nilikupa.

Nilikuwa sijui kama nimekuwa hivyo. Mtu hajioni.

Lakini kilichonibadilisha zaidi hakikuwa kutumia hela, ilikuwa ni ile kuitafuta. Sijui nilielezeje hili lisionekane natia chumvi. Biashara ya kangomba chakula chake ni shida za watu. Ukikaa kijijini miezi mitatu hakuna aliyeugua, hakuna msiba, hakuna mtoto aliyefukuzwa shule, wewe biashara huna. Kwa hiyo taratibu, bila kuamua, nikawa mtu ambaye akisikia habari mbaya kifua kinachangamka. Siku moja nimekaa na jamaa zangu ikaja taarifa kuwa mzee mmoja wa upande wa pili kapooza, wanataka kumpeleka Ndanda hospitali. Wenzangu wote wakasema maskini, na mimi nikasema maskini, ila kichwani nilikuwa tayari nahesabu, yule mzee ana mikorosho kama 150, upande wa bondeni inazaa sana, watoto wake watataka siyo chini ya laki tano. Nilifika pale kwake kabla ya ndugu zake wengine kufika. Wakanishukuru sana, wakaniita mtu wa watu. Nimelala usiku ule vizuri tu, ndo ujue.

Mjomba wangu naye alikuja. Kwetu Wamakonde mjomba siyo mtu wa kusalimia sikukuu tu, ukoo unakwenda kwa mama, mjomba ndo mwenye sauti, yeye ndo alinipeleka jando, yeye ndo aliyenitolea mahari. Alikuja saa mbili usiku, hakuingia ndani, akasimama pale kwenye ngazi na kofia yake mkononi, na mjomba kofia huwa havui. Anataka laki na nusu, shangazi yako anaumwa. Yaani mke wake yeye mjomba, mimi namwita shangazi tangu nazaliwa. Ningempa tu. Hela nilikuwa nayo mfukoni mle mle. Nikamwambia mjomba nitakupa, ila tuandikishiane kwenye korosho ili hela isikae bure. Akaniangalia kidogo, akasema sawa baba. Alikuwa haniiti baba, ananiita mwanangu.

Mwezi wa kumi nikaenda na bakuli. Korosho zake zilikuwa nzuri, kavu, ukizimwaga zinalia kama kokoto. Amekaa kwenye kigoda ameshika tochi ya simu ananimulikia, mimi najaza. Mkono ulishazoea, bakuli la kwanza nikafanya kilima, kiganja pembeni, nikamwaga kwenye gunia. La pili hivyo hivyo. Nilipofika kama la kumi tochi ikaanza kushuka, inamulika chini, nikasema mjomba sioni. Akasema, "Wewe si unaona kwa mkono." Tukamaliza kimya.

Desemba ile ya 2017 hizo milioni 31 zilikuwa bado kichwani hazijaingia benki, lakini nilishaanza kuzitumia. Binti wa dada yangu alikuwa anatolewa unyagoni, nikasema hii nasimamia mimi, na ikaonekana kweli nimesimamia, muziki kutoka Mtwara, bia kreti sijui ngapi, milioni nne ikaondoka kwa siku mbili. Watu waliniimba. Nikiwaambia kuimbwa kuna raha yake msinikatalie. Dada alilia kwa furaha, mume wake, shemeji yangu, akanishika mkono akasema kaka mimi nakufa na wewe.

Mkumbukeni huyo shemeji.

Na ndoto nazo zikawa zinakimbia kuliko mimi. Nikiwa na boda nilikuwa nataka bati tu, naapa, bati na tofali za kuchoma, basi. Nikapata bati nikaona bati ni kitu gani, nikataka Fuso. Nikawa namuona mwenye Fuso barabarani moyo unauma kana kwamba kaniibia. Kabla sijapata Fuso nikaanza kuulizia viwanja Mtwara mjini nijenge gesti. Nilikuwa na milioni 31 na nilijiona fukara kuliko nilivyokuwa na laki moja, maana wa laki moja nilikuwa najilinganisha na waendesha boda wenzangu.

Basi 2018. Nilikuwa nimebakiwa na kama milioni 17, tajiri wa Masasi akaongeza tisa nirudishe 13, nikaingiza zote sokoni. Watu nao walishajanjaruka, mwaka jana wameona bei, wakakataa 1,200, nikanunua kwa 1,600. Nikapata tani 16. Mzigo ukiwa mkubwa hivyo na wewe mwenyewe una miti 60 inatia shaka, kwa hiyo karibu nusu nikaupeleka chamani kwa majina ya ndugu, mjomba, shemeji, dada, na wengine watatu, kila mmoja kilo 1,300 mpaka 1,400, iliyobaki jina langu. Hesabu yangu ilikuwa ikiuzwa kama mwaka jana nashika milioni 50 kasoro, Fuso hiyo hapo.

Mnaokumbuka mnakumbuka. Mnada umefunguliwa Oktoba bei zikaja elfu moja na mia tisa, elfu mbili na mia saba, wakulima wakagoma kuuza. Siku zinaenda, korosho ziko ghalani, mvua inanukia. Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua yote kwa 3,300, jeshi likaja na malori kuzibeba. Watu walishangilia na mimi nilishangilia, nikapiga hesabu upya kwa 3,300 bado niko vizuri. Halafu ikaja habari ya uhakiki: mwenye kilo zaidi ya 1,500 lazima shamba lake lionekane.

Walikuja asubuhi, watu watano na daftari. Nikawapeleka shambani. Mimi na akili zangu nikaamua kuwaonyesha ng'ambo, nikanyoosha mkono nikasema inaanzia hapa inaenda mpaka kule kwenye mwembe. Mwenye shamba lile alikuwepo, anafyeka, jirani yangu kabisa, mtu niliyemchukulia gunia sita mwaka ule kwa bakuli. Hakusema kitu. Wakaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, wamefika kama ishirini, yule jamaa akainuka, akajipangusa jasho na panga liko mkononi, akasema taratibu tu wala hana hasira, "Jamani, hiyo ni yangu." Akainama akaendelea kufyeka.

Ule mzigo wa jina langu ukakwama hapo. Sehemu ya hela niliipata baadae sana kwa kuhangaika, sehemu mpaka leo. Nikabaki na wale ndugu sita, ambao kwa kuwa walikuwa chini ya 1,500 wao walilipwa. Karibu milioni 27 zilizoingia kwenye akaunti zao, hela yangu, jina lao.

Dada yangu alinipa yote akatoa laki mbili ya kwake, haki yake kabisa. Wawili wakanipa nusunusu kwa maneno mengi. Mmoja alihamia Tunduru bila kuaga. Shemeji yule wa nakufa na wewe nilimfuata mara ya kwanza akasema benki kuna foleni, mara ya pili akasema kadi imemezwa, ya tatu nimekuta anashusha bati. Nikamwambia shemeji hizo ni hela zangu. Akasema, "Zimeandikwa jina lako?" Ningempeleka wapi? Nikaripoti nini, kwamba nilifanya kangomba kwa jina lake?

Kwa mjomba nilichelewa kwenda kwa sababu ya aibu. Nilienda mwisho. Alikuwa nje anasuka ukindu wa mkeka, akaingia ndani akatoka na bahasha, milioni mbili. Zilizoingia kwake zilikuwa milioni nne na laki mbili na kidogo. Nikahesabu nikanyamaza nasubiri aseme. Akasema hizo ndo zako. Nikamuuliza kwa upole, mjomba na zilizobaki?

"Hizo zingine ni za bakuli."

Na akacheka. Mimi pia nikacheka, tukacheka mpaka shangazi akatoka ndani kuuliza kuna nini. Hiyo ndo mara ya kwanza nilicheka tangu Novemba, na usiku ule nililala huko huko kwa mjomba, nilikula ugali na kisamvu, akaanza kuniita mwanangu tena.

Deni la Masasi lilikula vingi. Friji ilienda, sofa zilienda, pikipiki niliyoinunua tena ilienda, kiwanja nilichokuwa nimelipia nusu kilienda. Bati sikung'oa. Mke wangu siku ya pili tu baada ya sofa kuondoka niliamka saa kumi nikasikia mafuta yanachemka. Hakuniambia kitu wala hakunisimanga, na sijui kama amenisamehe lile la Newala, hatuliongelei. Kijiweni nilikaa miezi miwili sijaenda, nilipoenda nikakaa kwenye drafti na kijana wa sekondari, akanipiga mikono minne mfululizo, na watu wakanicheka wazi kabisa kama zamani.

Sasa hivi nina ile ile mikorosho 60, nimeongeza miche 40 imeanza kuzaa. Mwaka 2024 mwezi wa saba binti yangu alipangiwa form five mkoa wa mbali, fomu ya kujiunga ndefu kama orodha ya harusi, godoro, ndoo mbili, sare pea mbili, jembe, nauli, michango. Nikakosa kama laki nne na nusu. Nikauliza huku na huku, kwa shemeji sikuuliza. Usiku wa pili akaja kijana mmoja na boda, mtaratibu, anavaa kapelo, ana kipochi kiunoni. Kabla hajakaa macho yake yalishapita nyuma ya nyumba mpaka shambani na kurudi, nikajua anafanya nini maana hayo macho yalikuwa yangu. Akasema pole na mambo ya shule baba. Akaniuliza nina miti mingapi.

Nikachukua. Kwa 1,800. Mnada wa kwanza mwezi wa kumi bei ikapita 4,000.

Alikuja na bakuli jioni baada ya mvua ndogo. Mke wangu alikuwa anamulika, mimi nimekaa kwenye gunia tupu. Bakuli la kwanza akafanya kilima, kiganja pembeni, akamwaga. Bado hajawa fundi, kidole gumba anakiweka ndani, kinampunguzia. Nikawa nacheka peke yangu. Akasimama na bakuli mkononi, akasema mzee mbona unacheka, nakuibia?

Nikamwambia jaza tu, mwanangu. Toa kidole.